Heino wa Nyumba ya Wessendarp

"Huyo uliyemchonga hapo ni nani?" aliuliza Alwine.

"Mume wako!"

"Mume wangu hakuitwa hivyo."

"Hakuitwa hivyo? Mimi nimemwita hivyo miaka arobaini na saba, na kila nilipomwita alikuja. Au unataka kuniambia nilikuwa naita mbwa?"

Jiwe lilikuwa juu ya tela, limefungwa kamba kama ndama anayepelekwa mnadani, na trekta bado linanguruma kwa sababu Klemens Terhorst alikuwa na hasira mno hata asikumbuke kulizima. Lilikuwa jiwe zuri, usiseme. La kijivu, limesuguliwa likang'aa, juu lina msalaba mdogo, chini ya msalaba HEINO WESSENDARP, na chini ya jina miaka miwili, wa kuja na wa kwenda. Nusu ya chini ilikuwa tupu. Hiyo ilikuwa nafasi ya Alwine mwenyewe, siku yake ikifika.

"Kitambulisho chake kinasema Brüning," alisema Alwine. "Pensheni yake inasema Brüning. Leseni yake inasema Brüning. Hata daktari alimwita Brüning."

"Daktari! Daktari alishawahi kunywa naye bia? Daktari alivuna naye viazi ule mwaka wa mafuriko? Huyo alilijua tumbo lake tu, mtu mwenyewe hakumjua."

"Zima trekta, Klemens. Sitaki kupiga kelele."

"Hupigi kelele! Ungepiga kelele ningejua nashindana na mtu. Wewe unasema kama unasoma tangazo la treni."

Hapo alisema kweli. Ilikuwa Novemba, mwaka mmoja kasoro siku tatu tangu Heino afariki, na kwa mwaka mzima Alwine alikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Unauona ni wako, unaunyanyua, lakini ukiugusa haukuambii kitu. Asubuhi ile alishika birika la moto bila kitambaa, akakitazama kidole gumba kikiwa chekundu kana kwamba ni cha mtu mwingine, akaendelea kumimina kahawa. Watu wa kijiji cha Lünderup walikuwa wameshaongea yote ya kuongea juu yake. Wengine walisema ni mwanamke jasiri. Wengine walisema, kwa sauti ya chini wakati wa kutoka kanisani, kwamba hakulia hata tone, labda hawakupatana. Midomo ya watu haina mlango.

Ili uelewe kosa la Klemens, na kama lilikuwa kosa, lazima ujue mambo ya jirani wa kwanza. Kule Lünderup, katika ile nchi tambarare ya Westfalia, kila nyumba ina jirani wake wa kwanza, na hachaguliwi. Ni yule ambaye jiko lake liko karibu zaidi na lako. Mkipendana, sawa. Mkichukiana, sawa vilevile. Siku mtu akifa, wenye nyumba hawagusi kazi. Jirani wa kwanza ndiye anayesimamisha saa ya ukutani, ndiye anayepita nyumba hadi nyumba akiwa na kofia mkononi kusema fulani ametutoka, ndiye anayewatafuta wabebaji sita na kuwapanga kwa urefu ili jeneza lisiende upande. Na mwaka ukikaribia kutimia, yeye ndiye anayekwenda kwa mchonga mawe. Wafiwa wanakaa tu. Akina Terhorst waliwazika akina Wessendarp, na akina Wessendarp waliwazika akina Terhorst, tangu kabla Napoleoni hajapita hapo na farasi wake.

Kwa hiyo Klemens alipofika kwa mchonga mawe hakumuuliza mtu. Angeuliza nini? Jina kila mtu alilijua.

Na jina lenyewe, kule, ni la shamba. Halifuati damu. Mwanamume akimwoa binti mrithi na kuhamia kwao, jina lake analiacha getini, na tangu jioni hiyo anaitwa kwa jina la nyumba. Zamani hata padri aliandika hivyo kitabuni: fulani bin fulani, aitwaye kadha. Baadaye serikali ikaja na sheria zake. Alwine alipoolewa, mwaka wa sabini na moja, sheria ilimtaka mke abebe jina la mume, basi. Ikawa mchana mmoja, mbele ya karani, Alwine Wessendarp akageuka Alwine Brüning, na jioni ileile, mbele ya kijiji, Heino Brüning akageuka Heino Wessendarp. Wakapishana mlangoni kama watu wanaobadilishana zamu kiwandani. Kwenye harusi walichekwa mpaka bia ikamwagika.

Heino naye alicheka. Alicheka na watu, akaitikia jina la baba mkwe, akalima, akafuga nguruwe, akaimba besi kanisani, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema jina lake la kwao linamkosesha usingizi. Hakuna, isipokuwa Alwine, mara moja. Hilo ndilo alilokuwa hajamwambia mtu.

"Mchonga mawe anasema kama kuna la kurekebisha aambiwe kabla ya saa saba mchana," alisema Klemens, sasa trekta limezimwa na sauti yake imeshuka kidogo. "Anasugua upya, anaandika upya, Jumamosi tunalisimamisha, Jumapili misa ya mwaka. Ni saa tano sasa. Nataka neno moja kutoka kwako. Sababu."

"Jina lake ni Brüning."

"Hiyo si sababu. Hiyo ni karatasi."

Walikuwa wamefikia hapo, wanatazamana kama ng'ombe wawili kwenye daraja jembamba, gari dogo jeupe lilipoingia uani taratibu na kusimama karibu na lundo la kuni. Akashuka mwanamke wa miaka kama sitini, mnene wa kupendeza, amevaa koti la mvua la rangi ya machungwa, na kwapani ana karatasi iliyoviringwa, ndefu kama bomba la jiko.

"Hodi wenyewe," alisema. "Samahanini sana. Hapa ndipo kwa Wessendarp?"

Klemens akafungua mdomo na kuusahau wazi. Mgeni hakusema Kijerumani cha redioni. Alisema lugha yao ya zamani, ya mashambani, na kwa namna ambayo wao wenyewe walikuwa hawajaisikia tangu wazee wa kabla ya vita walipokwisha.

"Mungu wangu," Klemens alimnong'oneza Alwine. "Anaongea kama nyanya yangu. Nyanya mwenyewe, na kukunja ulimi kulekule."

Mgeni aliitwa Lorene Wessendarp, mwalimu mstaafu kutoka Missouri, Amerika. Kwao, alisema, kuna vijiji vizima vilivyojaa watu wa Westfalia, na bibi yake alimfundisha maneno hayo jikoni, huku akimpiga vidoleni kwa mwiko akikosea. Miaka kumi na moja alikuwa akitafuta chimbuko la jina lake. Ameandika barua, ameamka alfajiri kusoma vitabu vya meli, na sasa amefika. Akaifungua ile karatasi juu ya boneti ya gari. Ilikuwa mti wa ukoo, matawi kwa matawi, majina mia mbili na kitu, na chini kabisa, kwenye mzizi, jina moja: Wessendarp, mwaka 1588.

"Damu moja," alisema Lorene, "kutoka ua huu mpaka kwangu." Kisha akageuka, akaliona jiwe juu ya tela.

Akalisogelea. Akaweka kiganja chake juu ya jina la Heino, akaanza kulia. Alilia vizuri, kwa sauti, bila aibu, machozi yanadondokea kwenye koti la rangi ya machungwa. "Nimechelewa mwaka mmoja tu," alisema. "Ndugu yangu wa mwisho hapa. Mwaka mmoja tu!"

Alwine alisimama akamtazama mwanamke asiyemjua akimlilia mumewe. Alisubiri aone kama kuna kitu kitamchoma. Hakuna kilichomchoma. Aliona tu kwamba kamba ya tela imefungwa ovyo na kwamba mgeni ana viatu vyepesi kwa tope la namna hiyo.

"Unaona!" Klemens alimgusa kwa kiwiko. "Hata Amerika wanamjua ni Wessendarp. Wewe tu ndiye hujui."

"Hakuwa ndugu yake."

"Mwache mtu alie, Alwine."

Lorene akajipangusa, akaomba apelekwe makaburini. Mzee wa ukoo wao aliyepanda meli mwaka 1846 aliitwa Gerd, na Lorene alitaka kuona kaburi la baba wa huyo Gerd. Klemens akakuna kichwa. Alitafuta namna ya kulisema kwa upole, akaikosa.

"Mama, kaburi hilo halipo. Hapa mtu analala miaka thelathini, halafu analala mwingine."

"Mwingine? Mahali palepale?"

"Sasa tuwaweke wapi? Hao wa kwako kule Amerika wanalala tu milele, kila mtu na kipande chake?"

"Ndiyo!"

"Nchi kubwa," alisema Klemens kwa heshima.

Alwine alikuwa ameshaingia ndani. Hakujua anaingia kufanya nini mpaka alipojikuta ameinama mbele ya kabati la vyombo, mkono wake nyuma ya sahani za harusi, pale palipokaa daftari la babu yake. Daftari hilo lilitengenezwa zama zile mbaya, kabla ya vita, serikali ilipomdai kila mtu athibitishe damu yake mpaka kizazi cha nyuma kabisa. Babu, aliyejiona Wessendarp wa asili kuliko mialoni ya uani, alimpa mwalimu wa shule kazi ya kunakili kitabu cha kanisa. Mwalimu alinakili. Babu akasoma. Serikali iliridhika na alichopeleka, lakini babu hakuridhika, na daftari likaenda kukaa nyuma ya sahani. Baba yake Alwine alimwonyesha mara moja tu, akasema, "Hili si la kutembezea mdomoni."

Akalitoa nje, akaliweka juu ya boneti, pembeni ya ule mti wa karatasi.

"Soma hapa," alisema.

Lorene akavaa miwani. Maandishi ya kizamani alishayazoea. Kidole chake kikaenda mstari kwa mstari, na midomo yake ikakifuata.

Mwaka 1712 binti wa mwisho wa nyumba aliolewa na Johann Lübke, aitwaye Wessendarp. Binti akafa kwa uzazi, mtoto naye akafa. Johann akaoa mke mwingine, kutoka kijiji cha pili. Johann akafa bila mtoto, mjane akaolewa na Hinrich Stegemann, aitwaye Wessendarp, wakazaa. Vifo vitatu, ndoa tatu, na kwenye shamba la Wessendarp hapakubaki hata tone la Wessendarp. Kila mtu aliendelea kuitwa vilevile. Nguruwe walilishwa, kengele ikapigwa.

"Basi sisi ni wa Stegemann," alisema Lorene polepole.

"Mimi ni wa Stegemann," alisema Alwine. "Wewe endelea."

Kidole kikashuka mpaka 1841. Gerd Kruse, aitwaye Wessendarp, ameingia kwa kumwoa binti mrithi, Katharina. Mwaka 1845, Katharina amezikwa, na mtoto pamoja naye. Shamba limekwenda kwa mdogo wa marehemu. Halafu, kwa wino mwembamba, maneno mawili ya padri: amekwenda ng'ambo.

Lorene akavua miwani. Aliitazama karatasi yake, mti wake wa miaka kumi na moja, akauangalia ule mzizi wa 1588 kama mtu anayetazama mkoba uliochanwa na mwizi.

"Kruse," alisema. "Mimi ni Kruse. Binamu zangu wote kule, zaidi ya mia tatu, wana fulana zimeandikwa Wessendarp mgongoni kwa ajili ya mkutano wa ukoo. Wote ni Kruse!"

Klemens akataka kucheka, akaona si mahali pake, akakohoa badala yake.

Ni Alwine aliyeuliza, na sauti yake ilikuwa ileile ya tangazo la treni, ila sasa ilikuwa karibu zaidi. "Huko alikofika. Nani alimjua?"

"Gerd? Hakuna mtu. Kulikuwa msitu."

"Angeweza kusema anaitwa Kruse."

"Angeweza kusema anaitwa mfalme wa Prussia. Nani angembishia?"

"Na alisemaje?"

"Wessendarp. Siku ya kwanza, kwa karani wa bandari. Akaoa tena, akazaa tisa, wote Wessendarp. Jiwe lake lipo, nimelipiga picha, hakuna jina jingine pale." Lorene alifikiri kidogo. "Mke kafa, mtoto kafa, shamba wamemnyang'anya. Ningekuwa mimi ningelitupa jina hilo baharini."

"Hakulitupa."

"Hakulitupa. Na hakumwambia mtu sababu."

Upepo ukainua pembe ya karatasi, Klemens akailalia kwa kiganja.

Alwine akaanza kusema huku analitazama jiwe.

"Hospitali, wiki ya mwisho, kila asubuhi nesi aliingia akisema, habari za asubuhi, Bwana Brüning. Siku ile nilikuwa nimekaa hapohapo, namkata kucha. Nesi akatoka. Heino akaniambia, Alwine, unasikia? Hapa nimepata watu wanaonijua." Akalinyoosha daftari juu ya boneti. "Miaka arobaini na saba. Halafu akalala. Keshokutwa yake ukaja wewe kusimamisha saa."

Klemens alivua kofia, akaigeuza ndani nje, akaivaa tena.

"Alisema akicheka, au hakucheka?" aliuliza hatimaye. "Maana Heino, unamjua. Nusu ya alichosema ilikuwa mzaha."

"Alikuwa na mipira ya hewa puani. Sikuona."

"Hukumuuliza?"

"Nilikuwa nakata kucha."

Lorene, ambaye kwa haki hakuwa na sehemu katika maneno hayo, alisogea akasimama begani kwa Alwine, bila kumshika. Mtu aliyelelewa vizuri jikoni hahitaji kuambiwa wapi pa kusimama.

"Basi yaishe," alisema Klemens. "Sikujua. Ungeniambia hivyo asubuhi, nisingekutukania daktari wako. Nalirudisha sasa hivi. Alisugue lote, aandike Brüning, nitamsimamia mimi mwenyewe. Bado kuna muda."

"Lisisuguliwe."

"Mwanamke, umenisimamisha hapa saa nzima mbele ya mgeni kwa ajili ya jina, sasa nakubali, unakataa?"

"Akilisugua, na yule aliyekuwa akikuitikia wewe atakwenda wapi?" Alwine alipita upande wa pili wa tela. Aliinama, akaweka mkono kwenye ile nusu tupu. Jiwe lilikuwa na baridi ya Novemba, na baridi hiyo aliisikia, ikamwingia mpaka kwenye kifundo cha mkono. Hakusema chochote juu ya hilo. "Aandike hapa. Alizaliwa Brüning. Herufi kubwa sawasawa na za juu, zisiwe ndogo kama deni la aibu."

"Hapo ni pako wewe."

"Najua ni pangu."

"Na wewe tutakuandika wapi?"

"Hiyo ni kazi ya jirani wa kwanza. Mimi nitakuwa nimelala."

Klemens alimtazama kwa muda, kuona kama amefanya mzaha. Uso wa Alwine haukumsaidia. Akatoa simu mfukoni, akaenda kusimama kando ya banda, na wote walimsikia akimpigia kelele mchonga mawe kama kawaida ya watu wanaodhani simu inaendeshwa kwa mapafu: hapana, hujakosea wewe, hapana, na mimi sijakosea, andika tu ninavyokwambia, B kama bia.

Lorene alianza kuviringa karatasi yake. Aliiviringa kwa uangalifu, ingawa haikuwa na kazi tena, akaifunga kwa mpira, akatafuta funguo za gari kwenye koti.

"Nawashukuru," alisema. "Nimewapotezea muda, tena siku kama hii. Nimelia juu ya jiwe la watu. Nilidhani ni la kwetu."

"Lilie tu. Mimi limenishinda."

"Lakini sasa nikifika nyumbani nitawaambia nini? Watu mia tatu."

"Waambie mtu aliondoka hapa na jina la mkewe, akakaa nalo mpaka kufa." Alwine alilifunga daftari la babu yake, akamkabidhi mgeni. "Chukua, ukanakili. Utalirudisha kesho, au mwaka ujao. Lina miaka themanini nyuma ya sahani, halina haraka."

Lorene alilipokea kwa mikono miwili. Kengele ya kanisa ilipiga saa sita. Klemens akarudi, ameshatimiza la simu, ametulia, ananusa hewa kwa kuelekea dirisha la jikoni kama mtu ambaye amepita njia tu.

"Utalala wapi?" Alwine alimuuliza mgeni.

"Mjini, hotelini."

"Umekula nini tangu asubuhi?"

"Mkate na jamu. Nimeshiba, kweli."

"Mkate na jamu," alirudia Klemens kwa masikitiko makubwa.

Alwine aliwatazama wote wawili, mmoja na koti lake lililolowa machozi, mwingine na kofia yake. Jikoni kulikuwa na sukumawiki iliyochemka tangu alfajiri, na soseji ndani yake, na viazi, vingi kupita kiasi, kwa sababu mikono yake bado ilikuwa ikimenya vya watu wawili na yeye hakuizuia.

"Hivyo viatu viache hapo kizingitini," alimwambia Lorene. "Na wewe Klemens, acha kunusa kama mbwa. Ingieni mle."